Subira Huvuta Bei

Mtoto wa kidato cha tatu akikuamkia mara mbili kwa siku moja, jua kuna hela inatafutwa. Jumamosi ile mwanangu alinipa shikamoo ya asubuhi kama kawaida yake, ya kupita nayo mlangoni. Saa kumi jioni akaniletea nyingine, hii sasa ya kusimama, mikono nyuma, macho chini. Kabla ya hapo alikuwa ameosha gari bila kutumwa, na ameosha mpaka matairi. Nikaitika marahaba huku mkono wa kushoto umeshaufunika mfuko wenye pochi.

"Baba, ile PS5 Pro yetu..."

Yetu! Hatujaiona, hatujaigusa, hatujaiwekea hata shilingi, tayari ni yetu na inazungumzwa kama shamba la urithi. Tuliyonayo nyumbani ni PS4 ya mtumba, ina vumbi la nyumba mbili ndani yake na ikipata moto inavuma kama mashine ya kusaga. Yeye ameona tuiruke PS5 ya kawaida twende moja kwa moja kwenye Pro, "ili tusije tukajuta". Mtoto hajawahi kulipa bili ya maji hata moja na tayari ana majuto.

Sasa mimi katika mambo haya nina msimamo wangu, na nimeuishi tangu ujana. Usinunue kinachotoka, nunua kinachoachwa. Mwenye haraka akakimbilie kipya, akitumie, akichoke, mimi nitamsubiri mlangoni. Siku zote nimekuwa nyuma ya dunia kwa kizazi kimoja cha mashine, na sijawahi kuona hasara yake. Gemu nzuri mwaka 2006 ilikuwa nzuri vilevile 2010, tofauti ni kwamba wewe uliilipia mbuzi na mimi nikailipia kuku.

Nilianza na ile mashine ya kaseti za njano iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999. Ukikaa ukazihesabu zilikuwa kama saba, zilizobaki ni zilezile zimebadilishwa rangi ya mbingu. Hatukujua kwamba ule ulikuwa mwigo wa mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Sisi ilitufikia miaka ya tisini, na tulijiona tuko mbele kweli. Ikigoma, unachomoa kaseti, unaipuliza kwa chini, unairudisha. Hayo ndiyo yalikuwa matengenezo yote, na fundi alikuwa yeyote mwenye pumzi.

Kisha ikaja PS2, na pamoja nayo kibanda cha gemu. Chetu kilikuwa Tabata, cha mabati, na ndani mna TV za chogo mbili, benchi moja, na feni iliyokuwa inageukia upande mmoja tu, ule wa mwenye kibanda. Mechi mia mbili. Ukifungwa unalipa na kunyanyuka, aliyeshinda anabaki na pedi. Kwa hiyo walikuwepo watu walioingia pale asubuhi na mia mbili wakatoka usiku nayo mfukoni, na tulikuwepo sisi tuliowalipia. Ukutani palikuwa na karatasi imeandikwa kwa kalamu nyekundu: UKIPIGA PEDI CHINI UNANUNUA. Winning Eleven ndiyo ilikuwa dini ya pale. Na wa zama zile wanajua, Konami katika toleo la 2006 walimpa Adriano, yule wa Inter Milan, nguvu ya shuti 99. Mtu akipiga naye kutoka kwenye duara la kati, ulikuwa hudaki, unasogea pembeni. Kibandani kwetu kikakaa kikao, na bila kura ya siri Inter ikapigwa marufuku.

Basi nikaapa nitakuwa na yangu. Lakini sikuapa kama mjinga. PS2 ilitoka Marekani Oktoba 2000 kwa dola 299. Mei 2002 ikashuka hadi 199. Mwaka 2004 ikawa 149. Mwaka 2009 ikafika dola 99, bei ya mtu na akili zake. Mimi niliingia hapo katikati, 2007, wakati PS3 imeshatoka na mwenye PS2 mjini anaanza kuiona aibu. Niliinunua kwa jamaa aliyekuwa anahamia Mwanza, pamoja na pedi mbili, memori kadi moja, na CD kumi na nne za kuchoma zilizoandikwa kwa mkono wa mtu asiyejua tahajia. Sony waliendelea kuiunda mashine ile mpaka mwanzoni mwa 2013, zikiwa zimeuzwa zaidi ya milioni 155 duniani. Kwa hiyo hata huko kwao wenye subira hawakuwa wachache.

Ikafuata PS3, 2006, yenye nafasi kubwa dola 599. Ken Kutaragi, yule wanayemwita baba wa PlayStation, alikuwa ameshasema kabla haijatoka kwamba wanataka mtu aione halafu ajiambie atafanya kazi saa nyingi zaidi ili aipate. Nilisoma habari hiyo gazetini nikiwa kazini. Nikajiambia nitafanya kazi saa zilezile, na mchana nitasinzia kidogo, tuone nani atachoka kwanza. Mwaka 2009 ikawa dola 299. Nani alichoka?

Na wenzangu waliokimbilia Xbox 360 walipata nini? Mashine zilikuwa zinawaka taa nyekundu zinakata roho, kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2007 Microsoft walitenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya matengenezo na dhamana. Mnunuzi wa kwanza ni yule anayepelekwa mbele kupima kina cha mto kwa miguu yake. Mimi huvuka baadaye, suruali nimeikunja, najua pa kukanyaga.

PS4 vivyo hivyo. Dola 399 mwaka 2013, ikawa 299 mwaka 2016, na mimi nikaipata 2021 kwa kijana wa mtaa wa pili aliyekuwa anatafuta nauli ya kwenda chuo. Nikamwongezea elfu kumi ya soda. Mimi si mtu mbaya.

Ndipo nikakaa mkao wa kula kuisubiri PS5. Ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499, kubwa kama jeneza la paka, kilo nne na nusu, uzito wa mtoto wa mwezi mmoja. Miaka miwili ya kwanza haikushikika hata kwa wenye pesa, chipu zilikuwa adimu dunia nzima na walanguzi wamezikalia mashine. Nikasema vyema, hasira za walanguzi zikipoa bei itashuka. Agosti 2022 bei ikapanda Ulaya, Uingereza, Japani na kwingineko. Nikasema ni upepo. Agosti 2025 Marekani nayo, ambako ndiko hesabu zetu zote zinaanzia, ikapanda, 499 ikawa 549. Na Xbox Series X, ambayo nayo ilianzia 499, mwaka huohuo wa 2025 ilipanda Mei ikawa 599, ikapanda tena Oktoba ikawa 649.

Jamani. Kitu kina miaka mitano. Kilichotengenezwa leo ni kilekile cha 2020, tena kimepunguzwa mwili. Halafu bei inapanda! Nyanya zikikaa sokoni mpaka jioni zinaitwa masalo, zinapangwa fungu, mama anakuongezea mbili za juu ili arudi nyumbani. Gari likizeeka linashuka. Hata mwanamuziki akizeeka unampata kwenye harusi kwa bei ya maelewano. Ni kidude hiki peke yake ndicho kinazeeka kama kiwanja cha Kigamboni.

Wanaojua mambo haya wana maelezo yao. Zamani kila baada ya miaka michache kiwanda kilikuwa kinajifunza kuchora njia nyembamba zaidi za umeme juu ya silikoni. Chipu ileile inakuwa ndogo, kwenye sahani moja zinatoka nyingi, bei inashuka yenyewe bila kuombwa. Siku hizi kuchora nyembamba zaidi kunagharimu fedha nyingi zaidi, kwa hiyo udogo hauleti tena unafuu. Ukiongeza ushuru ambao Marekani iliurundika juu ya bidhaa za nje mwaka 2025, ndiyo hivyo. Maelezo nimeyaelewa. Kuyaelewa hakujanisaidia chochote. Mimi nilikuwa na falsafa ya maisha, imevunjwa na watu ambao hawajui hata Tabata iko wapi.

Turudi kwa mwanangu na Pro yake. Novemba 2024 ilitoka kwa dola 699, Agosti iliyofuata ikawa 749. Kwa madafu yetu ni zaidi ya milioni moja na laki saba, na hapo haijapanda meli wala ndege, haijasalimiana na mtu yeyote bandarini. Nikamuuliza inafanya nini ambacho ndugu yake haifanyi. Akatoa simu akanionyesha Mark Cerny, mhandisi wao mkuu, mtu mpole, anaongea taratibu kama daktari anayeleta majibu. Skrini imegawanywa katikati, kushoto mashine ya zamani, kulia mpya. Wanasema inachora picha kwa kasi zaidi kwa asilimia 45.

"Umeona, baba?"

"Nimeona nini?"

"Angalia dimbwi."

Nikavaa miwani. Upande wa kushoto kulikuwa na dimbwi la maji. Upande wa kulia kulikuwa na dimbwi la maji. Akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikawa kubwa kama sinia. Dimbwi la kulia, akasema, linaakisi jengo vizuri zaidi, kwa sababu mashine inakokotoa mwali mmojammoja wa mwanga jinsi unavyogonga na kurudi.

Nikamshika mkono nikamtoa nje. Mtaani kwetu lipo dimbwi ambalo nalikadiria lina miaka tisa. Limeshaona wenyeviti watatu wa serikali ya mtaa. Linaakisi nguzo ya umeme, linaakisi bango la mganga wa nguvu za kiume, linaakisi bodaboda iliyoegeshwa pamoja na dereva aliyelala juu yake, na mawimbi yake bajaji ikipita hayana hitilafu. Halijawahi kuomba apdeti. Nikamwambia, tazama mwanangu, bure kabisa. Akaniangalia kwa yale macho wanayomwangalia nayo babu.

Ila sipaswi kumcheka peke yake, maana watu wazima nao wamo. Mwaka 2018 ilitoka gemu ya Spider-Man, tamu kwelikweli, na wanunuzi wakaja juu kwamba madimbwi waliyoonyeshwa kwenye tangazo yamepunguzwa. Watu wenye kazi na familia, wanahesabu maji barabarani! Kelele zikawa kubwa mpaka Insomniac, waliotengeneza gemu hiyo, wakaweka stika za madimbwi kwenye sehemu ya kupigia picha, kila mwenye kiu abandike lake.

Kilichonikera zaidi katika Pro ni kwamba haina mlango wa CD. Ukiutaka unauziwa pembeni, dola 80, na kile kigingi cha kuisimamishia dola 30. Sasa hawa watu wanajua CD ni nini kwetu? CD ni fedha. Ukiimaliza gemu unaipeleka kwa jamaa, unaongeza elfu kumi na tano, unapewa nyingine. Unaweza kuiweka rehani. Unaweza kumwazima shemeji na ukajua hutarudishiwa, ikahesabika ni sehemu ya mahari. Ukiniondolea CD unaniambia nishushe gemu kutoka hewani, na gemu zenyewe siku hizi GB 100 ni ya kawaida. Call of Duty ile ya 2019 ilifika mahali ikapita GB 200 kwenye kompyuta. Nimekwishawahi kushusha gemu kwa bando la usiku. Nilianza Jumanne. Ijumaa umeme ukakatika ikiwa asilimia 91, na uliporudi mashine ikaniomba radhi kwa Kiingereza ikaanza upya.

Na hilo duka la hewani lenyewe, siku nafungua akaunti Tanzania haikuwemo kwenye orodha ya nchi. Nikashauriwa na vijana nichague Uingereza. Mpaka leo kwa mujibu wa kumbukumbu hizo mimi ni mkazi wa Manchester.

Jumapili yake akaja mpwa wangu. Huyu ana miaka ishirini na saba, hajaoa, ukimuuliza lini anakwambia kwanza anamalizia kompyuta. Akatusikiliza mimi na mwanangu tunavyovutana, akacheka kile kicheko cha mtu aliyeokoka.

"Mjomba, mnagombania chumba cha kupanga. Nyie jengeni."

Na lazima nikiri, hoja yake ilinikaa. Alisema kila mashine ya Sony na ya Microsoft tangu 2013 ni kompyuta tu, chipu inatoka kwa AMD hao hao, wameivalisha kanzu na kuifunga kofuli. Ndani yake wewe ni mpangaji. Mwenye nyumba ndiye anaamua lini mnahama, anahesabu miaka sita saba halafu anakwambia tunajenga upya, toka na virago vyako. CD zako za PS3 kwenye PS4 haziingii. Kucheza na wenzako mtandaoni tangu PS4 unalipia kodi ya mwezi au ya mwaka, na Septemba 2023 ile ya mwaka ilipandishwa kutoka dola 60 hadi 80. Kompyuta ni nyumba yako. Unajenga kama tunavyojenga wote mjini hapa, mwaka huu msingi, mwakani tofali, bati likipatikana unaezeka huku umeshahamia. Kucheza mtandaoni bure. Na duka la Steam, ambalo lipo tangu 2003, likifika wakati wa punguzo gemu ya dola 60 unaichukua kwa bei ya chipsi mayai.

Nikavutika. Kumbe subira yangu ilikuwa na nchi yake! Nikamchukua mwanangu tukaenda kwake Kimara kuona nyumba iliyojengwa.

Chumba kilikuwa na joto kama tanuri la mkate na kimewaka taa nyekundu, bluu na zambarau, ungedhani umeingia grosari ya Sinza siku ya mshahara. Kompyuta ina ubavu wa kioo ili uyaone matumbo yake. Akafungua gemu ya magari. Pembeni juu ya skrini kulikuwa na namba inabadilikabadilika.

"Mia moja na arobaini na nne, mjomba!"

"Wewe una ngapi?"

"Siyo pointi. Ni fremu kwa sekunde."

Akaendesha dakika nne. Namba ikashuka mpaka 118. Akasimamisha gari palepale katikati ya mashindano, akaingia kwenye mipangilio, akaanza kupunguza vivuli. Akapunguza vivuli, akarudi, 131. Akapunguza majani. Akarudi, 139. Nilikaa pale saa nzima na dakika kadhaa, sikuona gari likimaliza mzunguko mmoja, lakini vivuli nimeviona vya aina zote. Filamu za sinema tangu enzi za babu zetu ni fremu 24 kwa sekunde, na watu walilia ukumbini. Mpwa wangu ana 139 na ana huzuni.

Halafu ndipo nikasimuliwa habari za ujenzi. Kadi ya picha aliyonayo ni ya tatu. Ya kwanza haikuingia kwenye sanduku, ilizidi kwa vidole viwili, akanunua sanduku jingine. Ya pili aliinunua Kariakoo kwa mtu aliyemwapia kwamba imetoka Dubai na haijatumika sana. Kumbe kadi hiyo ilikuwa imechimba sarafu za mtandaoni. Mnakumbuka Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kutumia kadi za picha, na wachimbaji wakazimwaga sokoni kwa maelfu. Kadi iliyofanya kazi usiku na mchana kama punda wa chokaa, anauziwa kijana wa Kimara kwamba haijatumika sana. Ilikaa miezi miwili, siku moja ikatoa harufu ya waya, ikaenda zake. Muuzaji namba yake haipatikani mpaka leo.

Oktoba 2025 Windows 10 ikaondolewa huduma, na Windows 11 ikakataa kuingia kwenye mashine yake kwa kuwa bodi ni ya zamani. Akabadilisha bodi. Bodi mpya ikakataa memori za zamani. Akaenda kununua memori akakuta bei imeruka, kwa sababu viwanda vinazipeleka kwa wenye mitambo ya akili mnemba, ambao hawaulizi bei. Desemba 2025 Micron, wenye memori za Crucial, wakatangaza kabisa kwamba wanaacha kuwauzia watu wa kawaida. Nikamuuliza mpwa wangu nyumba imefikia wapi. Akasema linta. Amekuwa kwenye linta tangu nikiwa na nywele.

Kwa hiyo huku wanapandisha, na huku nako wanapandisha. Na cha kuchekesha ni kwamba ule ugomvi wenyewe umeshakwisha juu, umebaki chini kwetu, kama kawaida ya siasa. Gemu za Sony zilizokuwa zinalindwa kama siri ya jandoni zinauzwa kwenye kompyuta tangu 2020. Forza, gari la heshima la Xbox, tangu Aprili 2025 linapiga honi ndani ya PS5. Halo nayo walitangaza mwaka huohuo kwamba inakwenda hukohuko. Wakubwa wameshaoana, sisi bado tunarushiana mawe kwenye mpaka. GTA V ndiyo usiseme. Ilitoka 2013 kwa mashine za wakati ule, 2014 ikauzwa tena kwa zilizofuata, 2015 ikaenda kwenye kompyuta, 2022 ikauzwa tena kwa PS5. Gari lilelile, mji uleule, yule jamaa ananiibia pikipiki pale pale.

Tulirudi nyumbani jioni, mke wangu akiwa anachambua mchele. Alitusikiliza, dimbwi, fremu, memori, Dubai, akauliza swali moja bila kuinua kichwa.

"Hiyo mpya mtacheza nini?"

"FC," mwanangu akasema.

"Siyo mpira?"

"Ndiyo mpira, mama."

"Uleule ulioitwa FIFA?"

Kimya. Ni kweli mpira uleule. Mwaka 2023 waliachana na jina wakabaki na mchezo.

Usiku huo nilipanda kiti nikaishusha PS2 kutoka juu ya kabati, ndani ya mfuko wa sandarusi, imefungwa kanga ya marehemu mama. Tuliunga waya zake tatu, nyekundu, nyeupe, njano, kwenye TV ya chogo ya stoo. Ikawaka. Haikuomba intaneti, haikuomba akaunti, haikuniuliza mkazi wa wapi. Winning Eleven ikafunguka na wachezaji wenye nyuso kama viazi, mwanangu akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akashika pedi, na baada ya dakika kumi hakuwa anacheka tena, alikuwa anang'ata ulimi kama mimi wa Tabata. Tulicheza mpaka saa saba. Alichagua Inter. Sikumwambia kitu, nikadhani hajui.

Alinifunga nne bila. Nataka ieleweke kwamba pedi yangu kitufe cha mraba kimekufa, na katika Winning Eleven mraba ndio shuti. Unafika golini, kipa ametoka, unabonyeza, mchezaji wako anasimama na mpira kama anasubiri daladala. Huwezi kumfunga mtu kwa pasi.

Msomaji mwenye pedi ya PS2 iliyo nzima mraba, waya usiwe umefungwa solotepu, anifahamishe. Bei tutaelewana leo leo. Sisubiri ishuke.